Siku Waliponyamaza Machimboni

Bustani ya mawe ilipofunguliwa, watu wa mtaani walicheka mpaka wakashika mbavu. Walisema wakubwa wamekosa kazi: badala ya kuziba mashimo ya barabarani wanatuletea mawe tuyatazame, kana kwamba hatujikwai kwenye mawe kila siku. Hata mlinzi wa getini, mtu wa mizaha, alizoea kuwaambia wageni kwamba yeye ndiye askari pekee duniani anayelinda mali isiyoibika. "Atakayeweza kulibeba lile pale," alisema akinyoosha kidole, "geti nitamfungulia mwenyewe, na salamu nitampigia."

Lakini watu walikuja. Walikuja wanafunzi na walimu wao kuonyeshwa mawe ya nchi yao: jiwe jeusi lililotoka chini ya ardhi likiwa uji wa moto, jiwe la chokaa lenye makombe ya konokono ndani yake, jiwe la mchanga ambalo bado lilikuwa na alama za maji yaliyopita juu yake kabla ya kuwepo mtu wa kuyaona. Kila jiwe lilikuwa na kibao chake. Katikati kulikuwa na njia za changarawe, mabenchi, na mimea ya miiba isiyodai maji mengi. Na Jumamosi walikuja maharusi kupiga picha.

Aliyefagia njia hizo na kuyaosha mawe hayo alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, ambaye wote pale walimwita Shangazi, kuanzia mlinzi hadi meneja. Alikuwa na fagio, ndoo na brashi mbili, moja laini na moja ya nyuzi za chuma. Alitoa vumbi, kinyesi cha ndege, na chingamu ambazo wanafunzi walizibandika kwenye matundu ya mawe kama vile wamepewa kazi hiyo na mwalimu. Alikuwa mtu wa salamu nzuri na maneno machache. Hakuwahi kuchelewa.

Nyumbani alikuwa na vyumba viwili, binti mmoja aliyekuwa akiuza katika duka la dawa, na redio isiyozimwa. Majirani walisema redio ya Shangazi hailali. Ilisema asubuhi, ikasema mchana, ikasema watu wakiwa vitandani. Binti alikua akilala katikati ya taarifa za habari na kelele za watangazaji wa mpira, mpaka alipokwenda shule ya bweni hakupata usingizi kwa sababu ya utulivu.

Redio ile ilikuwa na sababu yake.

Shangazi aliwahi kuwa mke wa mtu wa machimboni. Mumewe alikuwa kiongozi wa kundi la wapasua mawe, na wenzake walimwita Fundi. Siku moja, baada ya baruti ya asubuhi kupigwa na moshi kutulia, Fundi alikwenda kuukagua ukuta wa mwamba. Bamba la jiwe likameguka juu, likateleza, likambana kuanzia kiunoni kwenda chini. Hakufa palepale. Mtoto mmoja alitumwa mbio kwa mkewe, naye akaja akikimbia na mtoto wake mchanga mgongoni, khanga moja mwilini na nyingine ameisahau njiani.

Alikuta wamefunga kamba. Hakuna mwanamke kupita, walisema, mwamba bado unamong'onyoka. Basi akasimama pale kwenye kamba. Alikuwa mbali kidogo, umbali ambao unasikia mtu anaongea lakini hupati neno. Alisikia sauti ya mumewe. Ilikuwa ni yake hasa, nzito, ya kukwaruza kidogo kwa vumbi la miaka mingi. Alisikia na kelele za wanaume, vyuma vikigongana, winchi ya kuvutia mawe ikinguruma. Mtoto akalia, akamhamishia kifuani, akambembeleza huku akiyumba mguu huu na mguu ule.

Halafu, mara moja, kila kitu kikanyamaza. Winchi ikazimwa. Wanaume wote wakanyamaza, hata hakuna aliyekohoa. Aliwaona kwa mbali wamesimama wima, vichwa vimeinama.

Hapo ndipo alipojua. Hakulia. Alishikwa na ubaridi kuanzia utosini, akabaki amesimama kama mti. Muda ulipita kabla ya mtu mmoja kuja kutoka kule, kofia mkononi, kumwambia alichokwisha kukijua.

Tangu siku hiyo hakuweza kuvumilia mahali panaponyamaza ghafla. Watu wakikatiza mazungumzo anapoingia dukani, moyo humpasuka. Umeme ukikatika na redio ikafa, hutoka nje kusimama uani mpaka urudi. Lakini kilichomsumbua zaidi hakikuwa kile kimya. Ilikuwa ni ile sauti kabla ya kimya. Mumewe alikuwa anasema kitu. Alikisema kwa muda mrefu, kwa utulivu, na yeye mkewe, aliyekuwa karibu kuliko mtu yeyote duniani, hakuambulia hata neno moja.

Machimbo yalifungwa baadaye. Shangazi alifua nguo za watu, akapika katika shule, akafagia soko, na hatimaye akapata kazi ya bustani. Aliipenda. Mawe pale yalikuwa yametulia, hayamwangukii mtu.

Siku lori lilipoingia na jiwe jipya, meneja alikuja kumwita mwenyewe. Meneja alikuwa mama kijana, msomi wa mambo ya miamba, na alipopata jiwe zuri alifurahi kama mtu aliyeletewa zawadi kutoka safarini.

"Shangazi, njoo uone! Leo tumepata mrembo."

Kreni ilikuwa inalishusha. Lilikuwa jiwe la mistari, nyeusi na nyeupe, iliyojipinda kama unga unaokandwa, na mshipa mmoja wa rangi ya waridi ukikata katikati. Meneja alieleza kwamba limetoka katika machimbo yaliyotelekezwa, na kwamba lilikuwa limelala pale peke yake kwenye sakafu, kando ya ukuta, kama linalosubiri. Shangazi hakusikia yaliyofuata. Upande mmoja wa jiwe ulikuwa na mfereji, nusu ya tundu la baruti lililochanika. Chini ya mfereji kulikuwa na alama ya msalaba ya rangi ya buluu.

Aliijua alama ile. Waokoaji waliipaka ili wajue mahali pa kuweka jeki. Aliiona jioni ile, walipomruhusu hatimaye kuvuka kamba.

"Vipi?" meneja aliuliza. "Hulipendi?"

"Zuri," alisema Shangazi, ameushika mpini wa fagio kwa mikono miwili.

Kwa nini hakusema? Yeye mwenyewe alijiuliza mara nyingi. Kwanza hakujua aanzie wapi. Jambo kama lile huwezi kulitaja halafu ukaendelea kufagia. Pili, na hili lilimtisha, aliogopa kwamba akisema wataliondoa. Hakutaka kulitazama, na hakutaka lipelekwe mahali ambapo hataliona.

Wiki ileile meneja alimwomba aitoe ile rangi ya buluu, maana inaharibu sura. Shangazi alichukua brashi ya chuma. Alisugua asubuhi, akasugua kesho yake, vidole vikachubuka. Rangi ilitoka usoni lakini ikabaki ndani ya vitundu vidogo vya jiwe, na mtu aliyejua alikuwa bado anaiona. Meneja alisema inatosha. Kikawekwa kibao kilichotaja aina ya jiwe, umri wake wa mamilioni ya miaka, na jinsi joto na mgandamizo wa ardhi vilivyoipinda ile mistari. Basi.

Baada ya hapo ndipo mambo yalipoanza.

Mchana, jua linapokuwa limechoma mawe vya kutosha na wingu likapita, mawe huanza kulia: ta, tata, ta. Meneja aliwaeleza wanafunzi kwamba jiwe likipata joto hutanuka, likipoa hujikunja, na ndiyo maana huvunjika polepole. Shangazi alilielewa hilo vizuri, wala hakubisha. Mawe yote yalilia. Ila mengine yalilia na kuacha. Lile la mistari, masikioni mwake, lilikuwa linaongea. Alisikia kitu kama mtu anayesema kwa utulivu nyuma ya ukuta, neno moja, kisha jingine, na kila akisogea maneno yakawa yamekwisha.

Alianza kupanga kazi yake ili mchana awe karibu. Aliweka ndoo chini, akasimama, akategea sikio. Wakati mwingine ulimi ulimponyoka: "Eeh? Sema tena."

Mlinzi alimwona. Akawapasha wenzake kwamba Shangazi siku hizi anapiga soga na mawe. "Na afadhali yeye," aliongeza, "mawe yanamsikiliza. Mimi mke wangu akianza kunisikiliza nitachinja ng'ombe." Wakacheka. Shangazi naye, alipoambiwa, alicheka. Lakini siku moja mtoto wa mgeni alikuwa amelikumbatia lile jiwe, shavu limegusa mistari, akamuuliza, "Bibi, nani amefungiwa humu?" Siku hiyo Shangazi aliomba ruhusa akarudi nyumbani mapema.

Jumamosi zilikuwa mbaya zaidi. Wapiga picha walilipenda jiwe lile kwa sababu gauni jeupe lilipendeza mbele ya mistari. Bibi harusi aliegemea kwenye mfereji wa baruti, bwana harusi akaweka mkono pale ilipokuwa jeki, wapambe wakacheka, vigelegele vikapigwa. Shangazi alihamia mwisho wa bustani akaosha mawe ambayo tayari yalikuwa safi.

Binti yake aliona anavyokonda. "Mama, unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi acha hiyo kazi. Mshahara wangu unatutosha. Kuosha mawe ni kazi gani? Yamekuambia yamechafuka?"

"Nitaacha," alisema, na hakuacha. Miaka ikapita hivyo.

Kisha akaja Tindo.

Ilikuwa siku ya kawaida, wageni wachache. Shangazi alimwona mzee mwenye mkongojo amesimama mbele ya jiwe la mistari, mkono wake uko ndani ya mfereji, vidole vinapanda na kushuka.

"Mzee, samahani, mawe hayaguswi."

Mzee hakugeuka. Shangazi akarudia kwa sauti zaidi. Bado. Alipomgusa bega ndipo alipogeuka, akamtazama usoni.

"Shemeji?" alisema kwa sauti kubwa mno, sauti ya mtu asiyesikia anachosema. "Shemeji, ni wewe?"

Alikuwa Tindo, rafiki mkubwa wa mumewe, aliyefanya naye kazi bega kwa bega machimboni. Siku ile, walipokuwa wakiutoa mwili, jeki iliteleza ikamvunja mguu. Maziko yalimkuta hospitalini, na alipotoka akachukuliwa na nduguze kwenda mbali, akapasua mawe ya huko mpaka baruti ikamla masikio. Walikuwa hawajaonana tangu hapo.

Walikaa benchini. Tindo alieleza kwamba mpwa wake ameoa, na kwenye picha za harusi ameliona jiwe nyuma ya maharusi. "Nikasema hapana, macho ya uzee haya. Nikaomba miwani ya jirani. Nikaona tundu. Lile tundu nililitoboa mimi, Shemeji! Nikawaambia nipelekeni. Wakasema babu amechanganyikiwa, anataka kwenda kutazama jiwe."

 Mtu aliyekuwa upande wa pili wa kamba alikuwa ameketi pembeni yake.

"Tindo," alisema, "alisema nini?"

"Eeh?"

"Nauliza alisema nini!"

"Nani?"

Swali ambalo hakuwahi kuunong'oneza hata mto wake, ikambidi alipige kelele. "Mume wangu! Pale chini! Alikuwa anaongea, nilimsikia! Alisema nini?"

Wageni wawili waligeuka. Meneja, aliyekuwa akipita na kikombe chake cha chai, alisimama.

Tindo alitazama chini. "Alikutaja wewe," alisema. "Wewe na mtoto. Alisema anawapenda sana."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa! Yule hakuwa mtu wa kusema hivyo!"

Tindo akacheka kidogo, machozi yakimlenga. "Kweli. Hakuwa." Akavuta pumzi. "Basi nitakwambia. Alikuwa anatugombeza. Gogo hili weka hapa, siyo pale. Jeki mnaiweka kama wanaharusi. Alikuwa anasimamia kazi, Shemeji, kama kawaida yake. Tukampa maji akasema yananuka dizeli. Halafu akauliza, nani anaimba?"

Shangazi akamgeukia kabisa.

"Sisi hatukusikia kitu, winchi ilikuwa inanguruma. Yeye alisikia. Nikatazama nikakuona kwenye kamba unambembeleza mtoto. Nikamwambia, mkeo huyo, yuko na mtoto. Akasema, zimeni hiyo winchi. Nyamazeni nyote. Tukazima. Tukanyamaza kabisa, kila mtu akainamisha kichwa, tukakusikia. Ulikuwa unaimba ule wimbo usio na maneno, wa mm, mm. Ukaimba kidogo tu. Kisha ukaacha."

"Niliacha kwa sababu mlinyamaza," alisema Shangazi, kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia vizuri.

"Eeh?"

Alimtazama. Kulirudia neno lile kwa sauti kubwa hakuweza. "Hakuna," alisema, akitikisa kichwa. "Endelea."

"Hakuna cha kuendelea. Ulipoacha akasema, 'Amelala.' Akafumba macho. Tukadhani anapumzika, tukamwacha hivyo, hakuna aliyetaka kuwasha winchi. Baadaye ndiyo tukajua." Tindo alijipangusa uso kwa kiganja. "Nilikuwa nadhani uliambiwa. Yule aliyekuja kukupa habari, nilidhani alikuambia."

Hakuambiwa. Walikaa pale, mzee akionekana kama mtu aliyetua mzigo, na mwanamke kama mtu aliyetwishwa. Ndugu zake Tindo walipokuja kumchukua, alimshika Shangazi mikono yote miwili, akasema kwa sauti iliyofika getini, "Umelitunza vizuri, Shemeji! Safi sana!" Akaenda zake.

Meneja alikuja baadaye, chai imepoa mkononi, macho mekundu. "Shangazi, kwa nini hukuniambia? Nilikufanya usugue ile rangi."

"Ungejuaje?"

"Unataka tuliondoe? Au tuongeze kibao, tuandike habari zake?"

"Liacheni," alisema Shangazi. "Watu wanapiga picha zao." Kisha akaomba likizo.

Siku zile za likizo zilikuwa ngumu kuliko zote. Mtu angedhani sasa amepata neno alilolitafuta, atatulia. Hakutulia. Alikuwa akilala akaiona ile picha kutoka upande mwingine: wanaume wameinamisha vichwa, si kwa msiba bali kwa kusikiliza, na yeye anafunga mdomo. Alijiambia kwamba angeendelea kuimba hata kidogo, mumewe angebaki kidogo. Akajiambia kwamba hilo ni upuuzi, jiwe ni jiwe. Akajiambia tena lile la kwanza.

Binti alirudi kutoka dukani jioni moja akasimama mlangoni. Nyumba ilikuwa kimya.

"Umeme umekatika?"

"Haujakatika. Nimeizima."

Binti alitazama redio, akamtazama mama yake, akaketi taratibu bila kuvua viatu. Hapo Shangazi akamweleza yote, kuanzia lori hadi Tindo. Binti alisikiliza bila kukatiza. Alipomaliza, binti alikuwa amekasirika.

"Miaka yote hii, Mama? Unaliosha, unarudi hapa, unaniuliza siku yangu ilikuwaje?"

"Ningesema nini?"

"Hilohilo ulilosema sasa!" Akainuka, akaenda chumbani, akarudi. "Kesho sina zamu asubuhi. Utanipeleka."

Walikwenda pamoja. Mlinzi, aliyekuwa ameshasikia habari, hakutoa utani. Alivua kofia tu akawafungulia. Binti alilitazama jiwe kwa muda, akalizunguka, akasoma kibao. Halafu akasema jambo lililomshtua mama yake.

"Ni dogo."

"Dogo?"

"Nilidhani ni kubwa kama nyumba. Tangu utotoni nikiwaza jiwe lililomuua Baba naona kitu kinachofunika jua." Akaweka kiganja juu yake. "Hili halifikii hata gari."

Shangazi alitaka kukasirika, akashindwa. Wakaketi. Wingu lilikuwa limepita na mawe yalikuwa yameanza, ta, tata, lakini binti alikuwa anauliza maswali na ilibidi kumjibu. Alikuwa mrefu? Kiasi, akiingia mlangoni aliinama hata pasipo na haja. Alikuwa anakoroma? Usiulize. Alikuwa mkali? Kwa jeki na magogo, ndiyo. Kwa watu wa sokoni alikuwa anatapeliwa kila siku, akirudi na kiatu cha saizi moja kushoto na nyingine kulia. Binti alicheka. Shangazi akagundua kwamba kwa miaka yote alikuwa amemlea mtoto huyu kwa habari za saa chache za kifo cha baba yake, na kwamba ya kabla ya hapo hakuwahi kumpa hata kidogo.

 Kisha binti akaokota kijiwe kimoja kwenye changarawe, akakigeuzageuza.

"Mama, nilikuwa nimelala kweli?"

Shangazi alifikiri. Alilikumbuka jua, kamba, uzito wa mtoto kifuani.

"Hapana," alisema. "Ulikuwa macho. Ulikuwa umeacha kulia, umetoa macho tu, unatazama kulekule."

Binti aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayepokea kitu kizito kwa mikono miwili. Wakakaa kidogo zaidi. Wanafunzi waliingia getini kwa kelele, mwalimu akiwapanga mstari, na Shangazi akainuka kuchukua fagio, maana ingawa alikuwa likizo, njia ilikuwa imejaa majani na hakuna aliyekuwa ameigusa tangu aondoke.